Dawa Mbili Katika Tumbo Moja

Ndugu msomaji, ukiingia leo katika nyumba yo yote ya kijijini na kuomba uonyeshwe dawa zilizomo, huenda ukashangaa. Juu ya kabati mna vidonge vya presha vya babu. Katika kikapu cha mama mna vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Chini ya mto wa kijana mna vidonge vinne vilivyobaki tangu alipougua mwaka jana. Penye dirisha kuna chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto, na nyuma ya mlango kuna magome ya mti yanayongoja kuchemshwa. Zamani dawa zilikuwa haba, na mgonjwa alikuwa na mganga mmoja tu. Siku hizi dawa ni nyingi, na watoaji nao ni wengi: zahanati, hospitali, duka la dawa, mganga wa miti shamba, na jirani mwenye huruma.

Wingi huu ni neema, maana wako watu wengi wanaoishi leo ambao zamani wangalikufa. Walakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa, nalo ni hili: dawa iliyo njema peke yake yaweza kuleta madhara ikikutana na nyingine. Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Tumbo la mgonjwa ndilo zizi, na mwenye zizi ni wewe. Basi yakupasa ujue ni fahali gani umewaingiza.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana presha. Hospitalini amepewa vidonge vya namna mbili: enalaprili ya kushusha presha, na kidonge cha kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Magoti yanamwuma, naye anakwenda dukani kununua diklofenaki. Wiki ile ile mjukuu wake anatoka mjini na kumletea zawadi ya vidonge vya ibuprofeni, kwa kuwa anajua babu anaumwa. Mzee anameza vyote, kwa imani kwamba vyote ni dawa.

Je, nani amekosa hapa? Daktari alitoa dawa nzuri. Mwenye duka alitoa dawa nzuri. Mjukuu alitenda kwa upendo. Lakini diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa ukoo mmoja, na kuzimeza pamoja ni kama kumeza dawa moja mara mbili. Tena ukoo huo hupunguza damu inayokwenda katika figo, na huzuia chumvi na maji kutoka mwilini. Presha, badala ya kushuka, yaweza kupanda. Zikichanganyika na zile dawa mbili za hospitali, figo za mzee zaweza kushindwa kazi, hasa akiwa amekaukiwa maji kwa ajili ya kuharisha au kutapika. Na neno moja tu lingetosha kumkinga. Angemwambia mwenye duka, “Mimi natumia dawa za presha,” huenda angepewa parasetamoli badala yake, au angeshauriwa kumwona daktari kwanza.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulikumbuke. Mara nyingi si dawa mbovu inayomdhuru mgonjwa. Ni kimya kilichopo kati ya mtoaji wa kwanza na mtoaji wa pili. Na mtu pekee anayewaona wote wawili ni mgonjwa mwenyewe, au yule anayemwuguza.

SAFARI YA DAWA MWILINI

Ili tuelewe namna dawa zinavyogombana, yafaa tujue safari yake. Kidonge kikimezwa huyeyuka tumboni. Kisha dawa hupenya katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Damu huipeleka mwili mzima, nayo hufanya kazi yake. Dawa nyingi hupita katika ini, na ini ni kama mashine ya kusaga: huivunja dawa vipande vipande ili iweze kutolewa. Mwisho, figo huchuja mabaki na kuyatoa kwa mkojo. Katika kila kituo cha safari hii dawa moja yaweza kumkwaza mwenzake. Nitakueleza njia nne.

KWANZA: KUSHIKANA TUMBONI

Dawa nyingine hukutana na kitu tumboni zikashikana nacho, zisiweze tena kupenya kuingia katika damu. Mgonjwa amemeza, fedha amelipa, lakini sehemu kubwa ya dawa yatoka chooni bila kufanya kazi. Tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo ni dawa za kuua vijidudu, hushikwa na maziwa, na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, na vidonge vya madini ya chuma ambavyo akina mama hupewa kuongeza damu. Dolutegraviri nayo, ambayo ni dawa ya watu wenye VVU, hushikwa na hizo dawa za kiungulia. Ndiyo maana hushauriwa imezwe muda wa saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake.

Vidonge vya chuma vyenyewe havipatani na chai. Ule ukakasi wa chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Mama mjamzito anayemeza kidonge chake pamoja na chai ya asubuhi apoteza faida aliyoifuata kwa miguu hadi kliniki. Akimeze kwa maji, au ale na chungwa, na chai aingoje muda wa saa moja au mbili.

Usikimbilie kusema basi kwamba maziwa ni adui wa dawa. Ile dawa ya mseto ya malaria, ambayo humezwa mara sita kwa siku tatu, hutaka chakula chenye mafuta. Mgonjwa akinywa maziwa au uji wenye karanga, dawa huingia katika damu vizuri zaidi. Akiimeza na tumbo tupu, sehemu yake hupotea. Maziwa yale yale huzuia dawa moja na kuisaidia nyingine. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kufaa dawa zote. Lazima kuuliza juu ya kila moja.

PILI: KUIVURUGA MASHINE YA INI

Dawa nyingine huliamsha ini lifanye kazi kupita desturi yake. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, ni mfano mkubwa. Ni kana kwamba imeongeza wafanyakazi katika mashine ya kusaga. Dawa nyingine zikifika hapo husagwa upesi na kutolewa kabla hazijamaliza kazi yake. Mtu anayetumia wafarini, ambayo huzuia damu isigande ndani ya mishipa, huikuta nguvu yake imepungua. Mtu anayetumia dolutegraviri hali kadhalika. Ndiyo maana mgonjwa mwenye VVU na kifua kikuu pamoja hupewa dolutegraviri ya miligramu 50 asubuhi na jioni, badala ya mara moja kwa siku. Kama kliniki ya kifua kikuu haijui habari ya VVU, nani atamwongezea kipimo hicho?

Vitu vingine hufanya kinyume: huifunga mashine, dawa ikarundikana. Kwa jambo hili kuna habari ya tunda tunalolijua sote, yaani balungi. Katika mji wa London, jimbo la Ontario huko Kanada, mtaalamu aitwaye David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza dawa ya presha iitwayo felodipini, wajue kama pombe huibadilisha. Ili watu wasitambue ni kinywaji kipi chenye pombe, waliificha ladha yake kwa maji ya balungi. Walipopima damu waliona dawa imejaa kuliko ilivyotazamiwa, hata kwa wale wasiopewa pombe. Kumbe aliyefanya hivyo ni balungi! Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989. Baadaye ilijulikana kwamba balungi huharibu wafanyakazi walio katika ukuta wa utumbo, ambao huivunja sehemu ya dawa kabla haijafika katika damu. Na kwa kuwa mwili huhitaji muda kuumba wengine, madhara ya glasi moja yaweza kudumu siku nzima na zaidi. Danzi nalo lina tabia hiyo. Chungwa tamu la kawaida halina neno.

Usiogope kula matunda yako, ndugu msomaji. Balungi ni tunda zuri, na wengi wanaolila hawapati dhara lo lote. Lakini kama unatumia dawa ya presha au ya kupunguza mafuta katika damu, uliza kama dawa yako ni mojawapo ya zile zisizopatana nalo.

TATU: KUONGEZEANA NGUVU KUPITA KIASI

Njia hii ndiyo inayowapata watu wengi, maana yatokana na kutojua majina. Kidonge cha parasetamoli twakijua. Lakini parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua zinazouzwa kwa majina mengine kabisa. Mtu ana homa na mafua: ameza Panadol, ambayo ni parasetamoli, kisha ameza kidonge cha mafua chenye parasetamoli ndani yake, usiku aongeza kingine alichopewa na jirani. Yeye adhani ametumia dawa tatu, kumbe ni moja mara tatu. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, mchana na usiku pamoja, na kati ya dozi na dozi zipite saa 4 hadi 6. Mwenye mwili mdogo, au mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe nyingi, huhitaji kipungufu cha hapo. Ubaya wake ni huu, kwamba aliyepitisha kipimo yaweza kuwa siku ya kwanza haoni kitu kikubwa, na ini linaharibika kimya kimya, dalili zatokea baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo ukijua umepitisha, usingoje kuumwa. Nenda hospitali mara moja.

Mifano mingine ni hii. Asprini pamoja na wafarini yaweza kumfanya mtu atokwe damu isiyokoma. Vidonge vya kisukari viitwavyo glibenklamidi, vikikutana na kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrin, vyaweza kuishusha sukari mno, mtu akatoka jasho, akatetemeka, hata akazirai. Pombe nayo, akinywa mtu asiyekula vizuri, humfanyia mgonjwa huyo huyo jambo lile lile.

Akina mama wajawazito wasikilize neno hili. Kliniki huwapa dawa ya SP ili kuwakinga na malaria. Walakini mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli kila siku hapaswi kupewa SP, kwa sababu dawa hizo mbili hufanya kazi kwa njia moja, na zikiwa pamoja hatari ya madhara makali huongezeka, hasa ya ngozi. Hiyo kotrimoksazoli anayoimeza yamkinga na malaria pia. Basi mama asione haya kumwambia mwuguzi anachotumia.

Na pombe, mabwana? Pombe ni dawa ya kulevya, hata kama haiuzwi katika duka la dawa. Ikikutana na diazepamu, au vidonge vya kifafa kama fenobabitoni, au dawa yo yote ya usingizi, yaweza kumlaza mtu usingizi mzito hata pumzi ikapungua na kukoma. Ikikutana na dawa za kifua kikuu huongeza taabu ya ini. Na maelezo ya metronidazoli, yaani Flagyl, yasema mgonjwa asinywe pombe wakati anapoitumia. Usiseme, “Nitameza dawa asubuhi na kunywa jioni.” Jioni dawa ingali mwilini.

NNE: DAWA MOJA KUBOMOA KAZI YA NYINGINE

Hapa dawa mbili huvuta kamba, moja huku na nyingine kule. Tumekwisha kuona mfano wa yule mzee: dawa ya magoti yapandisha presha, na dawa ya presha yaishusha. Mfano mwingine ni wa SP tena. Dawa hiyo huua vimelea vya malaria kwa kuvinyima kitu kiitwacho foliki. Mama mjamzito naye huhitaji foliki kwa ajili ya mtoto. Kidonge chenye kipimo kidogo cha miligramu 0.4 hakidhuru kazi ya SP. Lakini kidonge kikubwa cha miligramu 5 huirudishia malaria chakula chake, na SP ikakosa nguvu. Mama aliyepewa SP asinunue foliki dukani kwa kukisia tu. Ampelekee mwuguzi kile kidonge akisome.

JE, MITI SHAMBA?

Huenda utaniambia, “Hayo ni ya dawa za viwandani. Mimi natumia majani tu, na majani ni kitu cha asili.” Ndugu yangu, kama majani yako yana nguvu ya kuponya, basi ni dawa, na kama ni dawa, nayo yamo katika zizi lile lile.

Nikupe ushahidi kutoka mbali, usije ukasema kwamba nawasema waganga wetu. Huko Ulaya kuna mmea wenye maua ya manjano ambao Wazungu wameuita kwa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kwa sababu huchanua karibu na sikukuu yake ya tarehe 24 Juni. Tangu kale huunywa kama chai kwa ajili ya huzuni na kukosa raha. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, katika nchi ya Uswisi, walitoa habari ya wagonjwa wawili waliokuwa wamewekewa moyo wa mtu mwingine. Wagonjwa hao walitumia dawa ya kuuzuia mwili usiukatae moyo ule mgeni. Kisha wakaanza kutumia ule mmea. Mmea ukaliamsha ini, kama ifanyavyo rifampisini; dawa ikapungua katika damu; na mwili ukaanza kuukataa moyo. Walipoacha mmea, hali ikatengemaa. Majani tu, tena yenye jina la mtakatifu!

Mimea yetu mingi haijapimwa hivyo pamoja na dawa za hospitali. Kwa hiyo mwenye kutumia dawa za VVU, kifua kikuu, kifafa, kisukari au moyo, asiongeze mizizi wala magome bila kumwambia mganga wa zahanati. Na akienda kwa mganga wa miti shamba, amwambie naye juu ya dawa za zahanati.

KIMYA KILICHOUA WATU

Ili usidhani nalitia chumvi jambo hili, sikia yaliyotokea Japani mwaka 1993. Mwezi wa Septemba dawa mpya ilianza kuuzwa, jina lake sorivudini, kwa ajili ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Ilikuwa dawa yenye nguvu. Lakini ugonjwa huo huwapata sana watu ambao miili yao imedhoofika, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa saratani, waliokuwa wakimeza vidonge vya ukoo wa fluorourasili. Sorivudini ilifunga mlango ambao kwa huo ini huvunja dawa ile ya saratani. Dawa ya saratani ikarundikana mwilini mpaka ikawa sumu. Katika muda wa siku 40 hivi watu 15 walikufa, na dawa ikaondolewa.

Liko jambo la kuhuzunisha zaidi. Katika nchi ile, miaka ile, mgonjwa wa saratani mara nyingi hakuambiwa jina la ugonjwa wake, kwa nia ya kumwonea huruma asije akakata tamaa. Mgonjwa wa namna hiyo, hata daktari wa pili angemwuliza, angejibu nini? Hakujua anameza nini wala kwa nini.

Sisi kwetu kimya ni cha namna nyingine. Wengine hawaambiwi jina la dawa, wakaona ni utovu wa adabu kumwuliza daktari. Wengine wanajua, lakini wanaona haya. Anayetumia dawa za VVU huziondoa katika chupa yake na kuzifunga katika kitambaa, na akienda dukani kununua dawa ya kikohozi hasemi neno. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Hakuna anayekutaka utangaze habari zako sokoni. Mwambie mtoa dawa peke yake, pembeni, kwa sauti ya chini; naye kazi yake yamfunga kutunza siri yako. Kama dukani pana watu, mwombe akuite kando, au mwandikie katika karatasi.

UFANYE NINI BASI?

1. Weka mfuko mmoja wa dawa. Kila uendapo zahanati, hospitali au dukani, chukua dawa zako zote, pamoja na za maji, za kupaka, na za miti shamba. Kuonyesha boksi ni bora kuliko kusema, “Natumia kidonge cheupe cha duara.” Vidonge vyeupe vya duara ni vingi kama kokoto.

2. Andika orodha. Chukua karatasi ngumu au daftari dogo, uandike jina la dawa, uzito wake wa miligramu, mara ngapi kwa siku, tangu lini, na nani aliyeitoa. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule atakuandikia, naye anakili herufi kwa herufi kama zilivyo katika boksi. Hapa nimeyaandika majina kama tunavyoyatamka. Katika boksi utayaona yameandikwa tofauti kidogo. Andika na dawa iliyowahi kukudhuru.

3. Jifunze jina halisi la dawa. Boksi lina jina kubwa la biashara, na chini yake jina dogo la dawa yenyewe. Jina lile dogo ndilo la kutazama. Maboksi mawili yenye majina makubwa tofauti na jina dogo lile lile ni dawa moja.

4. Uliza maswali matatu kabla hujaondoka. “Dawa hii ni ya nini?” “Niimeze saa ngapi, na chakula au bila chakula?” “Je, yapatana na hizi nilizo nazo?” Kuuliza si ufidhuli. Mtoa dawa mwema hufurahi kuulizwa.

5. Usigawe dawa wala usitumie mabaki. Vile vidonge vinne chini ya mto wa kijana havitoshi kuponya ugonjwa wo wote, ila vyatosha kugombana na dawa atakayopewa kesho. Virudishe zahanati, wakuonyeshe namna ya kuviharibu.

6. Usiache dawa kwa hofu. Hili ni kubwa kuliko yote. Kama baada ya kusoma makala hii umeingiwa na shaka juu ya dawa zako za kifua kikuu, VVU, presha au kifafa, usizitupe. Kuziacha ghafula kwaweza kukudhuru kuliko huko kugombana. Endelea nazo, na kesho asubuhi nenda ukaulize.

7. Watunze walio dhaifu. Wazee hutumia dawa nyingi, na figo zao zimechoka. Watoto miili yao ni midogo. Mama mjamzito na anyonyeshaye hubeba wawili. Katika nyumba yenye watu hawa, mmoja wenu aliye mwangalifu awe mtunza dawa, mahali palipo juu, pakavu, pasipofikiwa na watoto.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtu akianza dawa mpya kisha akaona mojawapo ya haya, asingoje: macho kuwa ya manjano, choo cheusi kama lami, au kutapika damu, fizi au pua kutoka damu isiyokoma, ngozi kutoka malengelenge au kuchubuka, hasa mdomoni na machoni, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, kuzirai, mkojo kupungua sana, kupumua kwa shida, au usingizi usioamshika. Mchukueni upesi, na mchukue na mfuko wake wa dawa, hata maboksi matupu. Mwombeni pia mganga aandike taarifa. Katika Tanzania taarifa za namna hiyo hupelekwa katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nazo husaidia wengine wasipatwe na lile lile.

Ndugu msomaji, kazi yenyewe si nzito. Jioni hii, kabla taa haijazimwa, kusanyeni dawa zote za nyumba yenu, mziweke mkekani. Mtoto asome majina, mwingine aandike. Za kila mtu ziwekwe mbali na za mwenzake. Zisizojulikana mwenyewe, na zile ambazo tarehe yake imepita, zitengwe zirudishwe zahanati. Kisha orodha ya kila mtu itiwe katika mfuko wake. Kazi hiyo haifiki nusu saa wala haitaki fedha, nayo siku moja yaweza kuokoa figo za baba, au mimba ya mama, au uhai wa mtoto wenu.